Bi Mvuke na Mtungi wa Mtindi

Mlango wa chumba cha kutakasia vifaa pale hospitalini una kidirisha cha kupokelea sinia. Mikasi, koleo na visu vya upasuaji huingia kwa upande mmoja vikiwa na damu, vikatoka kwa upande wa pili vikavu, vimefungwa kitambaa, na juu ya kitambaa utepe ambao mistari yake imegeuka myeusi. Mistari ikigeuka, maana yake mvuke umefanya kazi na hakuna mdudu aliyebaki hai. Isipogeuka, mzigo wote unarudi mashineni, hata kama daktari amesimama mlangoni anapiga mguu chini. Mwanamke aliyesimamia kazi hiyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Wenzake walimwita Bi Mvuke, na jina likamganda mpaka hata mlinzi wa getini hakujua lingine.

Bi Mvuke hakuwa na ugomvi na binadamu yeyote. Ugomvi wake ulikuwa na vijidudu tu. Kwake kitu ama kimetakaswa ama hakijatakaswa, katikati hapana. Na kazi hii hakuiacha kazini, alikuja nayo nyumbani. Vijiko vilichemshwa, ubao wa kukatia mboga ulichemshwa, mswaki wa mumewe ulimwagiwa maji ya moto mpaka ukapinda shingo. Mumewe, fundi wa friji, mtu mpole asiyependa makelele, alikuwa akimwambia, "Mke wangu, siku ukiamua kunichemsha mimi, nitoe kabla sijaiva."

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akitaka kumfundisha, anampa mama mkwe mwenye mtungi wa mtindi.

Mama mkwe huyo alikuwa mpishi wa shule ya bweni kabla ya kustaafu, na sauti aliyokuwa akiitumia kuwapanga wanafunzi mstarini aliondoka nayo. Alikuja kukaa kwa mwanawe, akapewa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, na ndani ya wiki moja jiko halikuwa tena la Bi Mvuke. Unga mweupe ulitoka, ukaingia unga wa nafaka nzima ambao haujakobolewa. Maharage yalilowekwa tangu jioni ya jana yake. Mchicha haukukosa mezani, na baada ya chakula lazima kila mtu apewe kipande cha papai, utake usitake. "Mtu ni tumbo lake," alikuwa akisema. "Hayo mengine ni mapambo."

Halafu alikuwa na swali lake. Watu wengine asubuhi huulizana umeamkaje. Mama yeye aliuliza, "Umepata choo?" Aliuliza mezani, mbele ya uji, bila kupepesa jicho. Mwanawe, baba mzima mwenye ndevu zilizoanza mvi, alijibu, "Nimepata, Mama," akaendelea kunywa. Bi Mvuke mwanzoni alikuwa akitamani ardhi ipasuke. Baadaye alizoea, akawa anajibu kabla hajaulizwa, ili yaishe.

Ila mtungi hakuuzoea. Ulikuwa wa kioo, mnene, mdomo wake umefunikwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi, nao ulikaa kwenye rafu karibu na dirisha la jikoni. Kila jioni Mama alichemsha maziwa, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha akayamimina juu ya masalia ya mtindi wa jana aliyoyabakiza chini. Masalia hayo aliyaita mbegu. Asubuhi maziwa yote yalikuwa yameganda, mazito, machachu. Mbegu hiyo alipewa na dada yake mkubwa siku alipoanza kujitegemea, na tangu hapo haikukatika. Mwanawe, Fundi, alimletea friji ndogo autie mtungi wake humo, Mama akamwambia, "Mwanangu, friji ni ya kulaza vitu. Mimi mtindi wangu nautaka uwe macho."

Kwa macho ya Bi Mvuke hiyo ilikuwa jinai. Kuacha uchafu wa jana chini ya chombo halafu kumwaga kipya juu yake! Kazini angefukuzwa kwa hilo. Lakini ukwe ni ukwe, alimeza maneno yake. Kila asubuhi Mama alimjazia chupa yenye kifuniko ya kwenda nayo kazini, akasema, "Unashinda kwenye joto la mashine, tumbo lako linakauka." Naye alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia mkobani.

Usidhani walikuwa maadui. Mama alikuwa na mdomo tu. Maharage ya Bi Mvuke aliyaonja akauliza, "Haya umeyapika au umeyaogesha?" Uji wake aliukoroga akitafuta mabonge, akiyapata aliyahesabu kwa sauti. Siku Bi Mvuke alipopika wali ukashika chini, Mama alimwita jirani wa saluni aje kunusa. Lakini Bi Mvuke alipopata malaria, ni Mama huyo huyo aliyeketi kando ya kitanda akimlisha uji kijiko kwa kijiko, na kumsema kwa nini anakunywa polepole. Kwa Mama, kukusema ndiko kukupenda, na asiyemsema hakuwa na habari naye.

Basi ikatokea Mama akakwaruzwa mguuni na kipande cha bati uani. Akaficha. Mficha maradhi, wahenga wamesema, kifo humfichua, na hapa kilikaribia kabisa. Siku Bi Mvuke alipokuja kuona kidonda, mguu ulikuwa umevimba unang'aa, na Mama ameanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Walimkimbiza hospitali, roho mkononi. Alilazwa majuma mengi. Alipewa dawa kali za kuua vijidudu, za sindano na za mshipani, ikabidi zibadilishwe mara kadhaa ndipo kidonda kikasalimu amri. Mguu ulipona. Mama alipona. Bi Mvuke, ambaye si mtu wa machozi, alimfuata daktari mpaka kwenye ngazi, akamshika mkono akashindwa kusema, na daktari akamwambia, "Usijali, nimeelewa."

Lakini tumbo lilikuwa limeharibika. Mama aliharisha kila alichokula, na baadaye, vipimo vilipoonyesha hakuna tena ugonjwa na kuhara kumepungua, hamu ya kula ikawa imekwenda zake. Daktari alimwita Bi Mvuke pembeni akamweleza. Dawa zile zilikuwa lazima, bila hizo wasingekuwa naye. Ila hazichagui. Zimeua wadudu wa kidonda, na zimeua pia wale wanaokaa tumboni kwa faida yetu, wanaotusaidia kusaga chakula. Sasa wanatakiwa warudi taratibu, na njia yao ni chakula cha kawaida tu: uji, ndizi mbivu, mboga, papai, maharage baadaye tumbo likitulia, na mtindi akiupenda.

"Muhimu ale," daktari alisema. "Akizidi kupungua mpaka siku ya kliniki, itabidi tumrudishe wodini tumlishe kwa mpira wa puani."

Mambo ya wadudu wa faida Bi Mvuke aliyasoma chuoni na kuyafaulia mtihani. Lakini kujua ni kitu kimoja na kuamini ni kingine. Lililomkaa moyoni ni hilo la mwisho, kwa sababu Mama alikuwa amemwambia pale kitandani, kwa sauti ndogo isiyo yake, "Mwanangu, wakinirudisha humu sitatoka."

Siku moja kabla ya Mama kuruhusiwa, Bi Mvuke aliomba ruhusa kazini akaisafisha nyumba. Na mimi nikisema akaisafisha, elewa ni nani ninayemzungumzia. Alipangusa mpaka waya za taa. Godoro alilianika, mapazia aliyachemsha. Mwisho akafika kwenye rafu ya jikoni, akauona mtungi. Siku zote hizo Fundi alikuwa akiutunza kama alivyoagizwa, anamimina maziwa kila jioni kwa uaminifu. Bi Mvuke aliutazama akafikiria yule mtu anayekuja, mwili umebaki mifupa, hana kinga, na hayo masalia ya miaka na miaka chini ya kioo. Moyo ukamjaa huruma. Akayamwaga yote, akausugua mtungi kwa sabuni, akauchemsha kwenye sufuria kubwa kwa muda ule ule wa kazini, akaupindua juu ya kitambaa cheupe. Uling'aa ukapendeza. Aliporudi Fundi hakuona, alikuwa amechoka akalala.

Mama aliingia amemshika mwanawe bega. Alipitishwa jikoni kwa kuwa mwenyewe alitaka kuliona jiko lake. Macho yakaenda moja kwa moja kwenye rafu.

"Umeuosha?" akauliza.

"Nimeuchemsha, Mama. Nimekuchemshia," Bi Mvuke akajibu, na hapo hapo, kabla hajamaliza, akauona uso wa mumewe, akaelewa alichokifanya.

Alijiandaa kusemwa. Alistahili, na angeyapokea yote. Lakini Mama akasema, "Asante, mwanangu. Umefanya kazi kubwa." Akageuka kwenda kulala. Bi Mvuke alibaki amesimama pale jikoni, kwa sababu tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kushukuriwa hivyo, na yule mwanamke aliyemshukuru hakuwa Mama anayemjua.

Siku zilizofuata zilikuwa za asante. Mgonjwa haulizwi uji, unampelekea tu, nao walimpelekea. Alikunywa vijiko viwili akasema, "Asante, nimeshiba." Uji ulikuwa na mabonge, Bi Mvuke aliyaacha kwa makusudi, Mama hakuyahesabu. Fundi alinunua mtindi dukani, wa rangi ya waridi wenye ladha ya matunda. Mama aliulamba akasema, "Mtamu. Asante," akaweka kijiko chini. Akanunua mwingine mweupe usio na sukari. Daktari alipopigiwa simu alisema huo unafaa kabisa, na alisema kweli. Lakini tumbo la mtu mzima halishindwi kwa hoja. Mama alitaka kitu anachokijua, na hiyo adabu yake mpya haikumruhusu kukidai. Asubuhi hakumuuliza mtu kama amepata choo. Nguo zilizidi kumpwaya, na siku ya kliniki ilikuwa inakuja.

Bi Mvuke akatoka kwenda kutafuta mbegu. Mama hakuwa na mkono wa birika, miaka yote alikuwa akiwagawia majirani, kwa hiyo lazima mmoja awe nayo. Jirani wa saluni alisema yake ilivunda aliposafiri. Mshonaji wa nyumba ya pembeni alisema watoto waliinywa mpaka tone la mwisho, wakalamba na mfuniko. Mwalimu wa ng'ambo ya barabara alikumbuka kuwa aliitia kwenye friji, tena friji aliyotengenezewa na Fundi mwenyewe, ikagandishwa, ikasahaulika, ikatupwa. Kila mmoja aliulizia hali ya Mama kwa upendo, kila mmoja aliitoa mikono yake mitupu. Bi Mvuke alirudi nyumbani akijisemea kuwa maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba aliyeyamwaga ni yeye.

Hapa sasa inabidi nimchongee, maana kuna jambo hajalisema. Zile chupa za kila asubuhi, alizozipokea kwa mikono miwili, hakuwahi kunywa hata moja. Hata kuonja hakuonja. Alizifikisha hospitalini, akateremka hadi chumba cha kufulia, akampa mwanamke mmoja anayefua shuka, mnene wa mwili na mwepesi wa kucheka, ambaye watu wote walimwita Kicheko. Jioni chupa ilirudi tupu, imeoshwa, na Mama akifungua mkoba na kuiona hivyo alifurahi. Miaka yote hiyo. Tuseme tu alifanya vibaya, ila alifanya vibaya kwa upole.

Kesho yake aliteremka kwa Kicheko, si kwa kutafuta msaada, bali kwa kuwa alihitaji mtu wa kumwambia. Mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma, ikabidi apaze sauti. Alieleza mtungi, alieleza asante, alieleza kliniki. Kicheko aliacha kukunja shuka.

"Kwa hiyo mbegu imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha. Nimeiua mimi kwa mikono yangu."

"Dada, kwani ulidhani ile chupa nilikuwa naimaliza peke yangu?" Kicheko alisema. "Mimi nina watu nyumbani. Ile ya kwanza kabisa uliyonipa nilikunywa nusu, nusu nikaenda nayo. Nikamimina maziwa juu. Haijakatika mpaka leo. Jana wanangu wamekula na viazi vitamu."

Bi Mvuke aliketi juu ya rundo la shuka chafu. Yeye, ambaye asingeruhusu hata pindo la gauni lake liguse shuka zile, aliketi na kujifunika uso. Kicheko alidhani analia. Alikuwa anashukuru, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kufanya jambo hilo mbele za watu, lilifanana na kulia.

Kabla ya yote alimuuliza daktari. Daktari akasema sawa, mradi maziwa yachemshwe vizuri, chombo kiwe safi, na aanze kwa kidogo. Jioni hiyo Kicheko alikuja mwenyewe nyumbani na kikombe chake kimefunikwa kwa sahani. Mtungi ulichemshwa tena, na safari hii ulikuwa usafi wa maana. Maziwa yakachemka. Bi Mvuke akayainua ayamimine.

"We!" Kicheko akamshika mkono. "Unataka kuua mara ya pili? Subiri yapoe. Tia kidole. Kidole kikivumilia, na mbegu itavumilia."

Kidole ndani ya maziwa. Bi Mvuke alimtazama aone kama ni mzaha. Halafu akaenda kwenye beseni, akanawa mkono mpaka kwenye kiwiko, akasugua kucha kwa brashi, akausafisha mkono ule kama anaingia chumba cha upasuaji, Kicheko akicheka mpaka akaegemea ukuta. Akatia kidole. Yalikuwa moto. Wakasubiri. Akatia tena, yakawa yanavumilika. Walimimina, wakafunika kitambaa, wakauzungushia mtungi shuka la zamani upate joto. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Bi Mvuke aliomba wadudu waishi.

Asubuhi ulikuwa umeganda. Alimpelekea Mama robo kikombe, bila maneno. Mama alionja. Akaonja tena.

"Huu ni wangu," akasema. "Umeutoa wapi?"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake la vifaa. Alipoona mkewe anavuta pumzi, akaanza kuangalia dirishani. Bi Mvuke alisema yote. Kwamba alikuwa hanywi. Kwamba aliogopa wadudu wake. Kwamba chupa zote zilikwenda kwa mfua shuka, na mfua shuka ndiye aliyeutunza. Hakujitetea.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akanywa kilichobaki, akamrudishia kikombe. "Asante, mwanangu," akasema, akajilaza.

Angepigwa kibao asingeumia hivyo. Lakini kikombe kilikuwa kitupu, na Bi Mvuke alikwenda kazini akiwa amekishika moyoni kikombe hicho kitupu kuliko ile asante.

Tumbo halikurudi kwa siku moja, nisikutilie chumvi. Na sitakwambia ni mtindi peke yake, maana daktari alifanya yake, muda ulifanya yake, na Mungu juu ya wote. Ila mtindi ulifungua mlango. Kesho yake Mama aliuulizia mwenyewe. Baadaye akakubali umiminwe ndani ya uji, na uji ukashuka. Ikafuata ndizi mbivu iliyopondwa. Kiazi kilichochemshwa. Papai, kipande kidogo, halafu kikubwa. Siku moja Fundi kwa furaha zake alimpa maharage kabla ya wakati, tumbo likajaa gesi, Mama akashinda amejikunja, na Bi Mvuke akamsema mumewe kwa sauti ambayo mwenyewe aliishangaa, kwa kuwa aliitambua ni ya nani. Wakarudi nyuma hatua moja, wakaanza tena na mchicha uliokatwa mdogo mdogo. Asubuhi sasa ni Bi Mvuke aliyesimama mlangoni na kuuliza, "Mama, umepata choo?" Na Mama alijibu, "Nimepata, asante." Siku aliyosema kimetoka vizuri, si maji wala si mawe, Bi Mvuke alipiga simu kumwambia mumewe, naye alikuwa juu ya ngazi kwenye bucha anatengeneza friji, akawatangazia wenye bucha wote.

Kliniki ilifika. Mama alipanda kwenye mizani, daktari akaangalia, akaangalia tena, akasema hakuna haja ya wodi, aendelee hivyo hivyo. Bi Mvuke alimshukuru daktari, akamshukuru muuguzi, akamshukuru hata mzee anayefungua geti. Mama naye alishukuru kila mtu kwa sauti yake ile ndogo. Sauti yake ya zamani ndiyo iliyobaki kurudi. Mwili ulikuwa umerudi, miguu imerudi, alikuwa anatembea mpaka uani bila kushikwa. Lakini alikuwa bado mpole. Mabonge ya uji aliyala kimya. Bi Mvuke alikuwa akijiuliza kama yule mwingine, mwenye mdomo, ndiye aliyekufa kule wodini, na huyu ni mgeni waliyepewa badala yake.

Jumapili moja walimwalika Kicheko chakula cha mchana. Mama mwenyewe ndiye aliyetaka. Bi Mvuke alipika wali, mchicha, na maharage, sasa tumbo la Mama lilikuwa limeyaruhusu kabisa. Walikaa wanne mezani. Mama alimwekea Kicheko chakula kwa mkono wake, akamshukuru mbele ya wote, akamwita mwanangu. Kicheko alisema hapana, yeye ndiye wa kushukuru, maana mwaka aliojifungua mtoto wake wa mwisho hakikupita kitu tumboni mwake ila ule mtindi.

"Kila siku alikuletea?" Mama aliuliza.

"Kila siku, Mama. Hakukosa."

Mama alichukua kijiko cha maharage, akatafuna. Akatafuna taratibu. Akameza. Kisha akageuza kichwa akamtazama mke wa mwanawe, na Fundi, anayemjua mama yake tangu tumboni, akaweka kijiko chini.

"Miaka yote hiyo," Mama alianza, na sauti haikuwa ndogo. "Naamka kabla ya jogoo. Nakukorogea. Nakuchujia. Nakuchagulia chupa isiyovuja, usije ukachafua sare yako. Jioni naikuta tupu, naosha macho, nasema mke wa mwanangu ana tumbo zuri kwa ajili yangu. Kumbe mimi nalisha dobi wa serikali. Shukrani ya punda ni mateke, nimesikia tangu mtoto, sikujua punda mwenyewe nimemkaribisha katika ukoo wangu."

"Mama," Fundi akasema.

"Wewe nyamaza, na wewe nitakufikia, uliyeachiwa mtungi ukalala." Akarudi kwa Bi Mvuke. "Unaogopa wadudu. Wadudu gani, wadudu ambao wamemlea mume uliyemkuta mzima ukamchukua? Ulimchemsha kabla ya kuolewa naye? Na haya maharage, chumvi umeiweka wapi, umeipeleka nayo kwa dobi? Tena sikia. Ungekuwa mkwe mwenye adabu, ukawa unakunywa kama ulivyopewa, leo mimi ningekula nini? Ningekuwa wapi? Jibu."

Bi Mvuke machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, anacheka, na Kicheko alikuwa ameinamia meza mabega yanamtikisika. Shukrani ilikuwa imemjaa Bi Mvuke mpaka hakuna pa kuiweka. Alinyoosha mkono amshike Mama, naye Mama akampa sahani.

"Niongeze maharage," akasema. "Sijamaliza kukusema."